Kompyuta Inaponyamaza: Plagi ya Hedifoni na Tundu Lake

Kompyuta mpakato ni kompyuta ndogo iwezayo kupakatwa mapajani na kuchukuliwa mkobani. Skrini yake huonyesha maandishi na picha, na spika zake hutoa sauti. Mtu mwenye macho akikosa sauti huudhika kidogo, walakini aweza kuendelea kusoma na kuandika. Mtu asiyeona si hivyo. Yeye hutumia programu ya kusoma skrini, yaani programu inayomsomea kwa sauti kila neno lililoandikwa na kila herufi aibonyezayo. Programu moja ya namna hiyo huitwa NVDA. Ilianzwa mwaka 2006 katika nchi ya Australia na Michael Curran, ambaye mwenyewe haoni, nayo hutolewa bure. Sauti iitwayo eSpeak, ambayo hutumika pamoja nayo, yaweza kusoma hata maneno ya Kiswahili.

Mwanafunzi asiyeona hana budi kuvaa hedifoni darasani, ili kompyuta yake isiwasumbue wenzake. Hata katika mtihani, haifai majibu yake yasikiwe na chumba kizima. Basi tundu la hedifoni, ambalo upana wake ni milimita tatu na nusu tu, kwake ni dirisha la elimu. Likiziba, dirisha limefungwa.

Jambo moja huwashinda watu wengi. Ukimya una sura moja, lakini sababu zake ni nyingi. Waya uliokatika hauleti ukimya tofauti na ule wa tundu lililojaa vumbi, wala ule wa sauti iliyozimwa kwa kidole. Mtu asikiaye kimya akaanza kubahatisha aweza kuharibu kilicho kizima na kukiacha kilicho kibovu. Dawa yake ni kuifuata njia ya sauti hatua kwa hatua, na kuuliza swali moja kwa wakati mmoja.

ASILI YA PLAGI

Plagi ya hedifoni ni kitu cha kale kuliko kompyuta. Mwaka 1878 mji wa New Haven, katika Marekani, ulipata kituo cha kwanza cha biashara cha kuunganishia simu. Baada ya miaka michache vituo vya namna hiyo vilienea, na ndani yake wafanyakazi walikaa mbele ya mbao zenye matundu mengi. Mtu alipotaka kusema na mwenziwe, mfanyakazi alichukua waya wenye plagi akauchomeka katika tundu la huyo mwenzi. Plagi zile zilikuwa na upana wa milimita 6.35, na hata leo zatumika kwa magitaa ya umeme.

Mwaka 1910 Nathaniel Baldwin wa jimbo la Utah alitengeneza hedifoni nzuri kuliko zilizotangulia, na jeshi la majini la Marekani likazinunua kwa kazi ya redio. Baadaye plagi ilipunguzwa ikawa ya milimita 3.5, ili ifae redio ndogo za mkononi. Mwaka 1979 kampuni ya Sony ya Japani iliuza mashine ndogo ya kaseti iitwayo Walkman. Ya kwanza kabisa ilikuwa na matundu mawili ya hedifoni, ili watu wawili wasikilize pamoja. Tangu hapo plagi ndogo ilijulikana duniani kote. Simu nyingi za siku hizi hazina tena tundu hilo. Simu ya iPhone 7 ya mwaka 2016 ilikuwa miongoni mwa zilizoliacha. Lakini kompyuta mpakato nyingi zingali nalo.

SAFARI YA SAUTI

Ndani ya kompyuta sauti si sauti bado, bali ni hesabu. Programu huzipeleka hesabu hizo kwenye chipu ya sauti, nayo huzigeuza kuwa umeme unaopanda na kushuka. Umeme huo hupita katika njia nyembamba za bodi mpaka kwenye tundu. Ndani ya tundu mna ndimi ndogo za chuma ambazo huikaza plagi kwa nguvu ya springi. Umeme hutoka katika ndimi hizo, huingia katika plagi, hufuata waya, na kufika sikioni. Huko hutikisa utando mwembamba, na utando hutikisa hewa. Hapo ndipo sauti inapozaliwa.

Plagi ukiitazama vema, utaona kuwa si kipande kimoja cha chuma. Imekatwa na pete nyembamba za plastiki, ambazo kazi yake ni kuzuia umeme usivuke. Plagi yenye pete mbili ina sehemu tatu za chuma: ncha ni ya sikio la kushoto, sehemu ya kati ni ya sikio la kuume, na shina ni njia ya umeme kurudi. Plagi yenye pete tatu ina sehemu nne, kwa maana imeongezwa njia ya maikrofoni.

Zaidi ya ndimi za kuchukua sauti, katika matundu mengi mna swichi ndogo. Plagi ikiingia mpaka mwisho huisukuma swichi hiyo, na kompyuta hutambua ya kuwa hedifoni imefika. Ndipo huzinyamazisha spika. Plagi ikitolewa, swichi hurudi na spika husema tena. Swichi ikikwama, kompyuta hudanganyika. Yaweza kudhani hedifoni ingalimo, hali tundu ni tupu, nazo spika zikabaki kimya. Au yaweza kudhani tundu ni tupu, hali plagi imo, nazo spika zikaendelea kusema mbele ya watu wote.

NAMNA YA KUTAFUTA KASORO

Fundi mwenye busara huanza na mambo mepesi yasiyo na gharama. Kwanza hutazama kama sauti imezimwa au imeteremshwa, kwa kuwa kompyuta nyingi zina kitufe cha kuzima sauti, na ni rahisi kukigusa bila kujua. Kisha hutazama ni kifaa gani kilichochaguliwa kutoa sauti. Pengine kompyuta inapeleka sauti kwenye skrini ya nje, au kwenye hedifoni isiyo na waya iliyoachwa chumba cha pili. Sikio moja likiwa kimya, hutazama pia kama sauti imeelekezwa upande mmoja. Baada ya hayo huizima kompyuta na kuiwasha tena.

Ikiwa bado, huigawa njia ya sauti sehemu mbili, hedifoni upande mmoja na kompyuta upande wa pili. Hedifoni ileile huichomeka katika simu au redio iliyo nzima. Ikikaa kimya huko pia, kasoro ni ya hedifoni, wala hapana haja ya kuigusa kompyuta. Ikisema vema, huchukua hedifoni nyingine iliyo nzima na kuichomeka katika kompyuta. Nayo ikinyamaza, kasoro ni ya kompyuta. Majaribio hayo mawili huchukua dakika chache, nayo yamewaokoa watu wengi na gharama bure. Sharti lake ni moja: kubadili kitu kimoja tu kila mara. Abadilishaye vitu viwili pamoja hatajua ni kipi kilichoponya.

Upande wa kompyuta nao hugawanywa hivyohivyo. Spika zikisema vema hali hedifoni ni kimya, basi programu inafanya kazi, na pahali pa kushukiwa kwanza ni tundu. Hedifoni ikisema vema hali spika ni kimya, yafaa kuishuku ile swichi, kisha spika zenyewe. Zote mbili zikiwa kimya, yafaa kutazama programu ya kuendeshea sauti, kwa kuwa pengine imeharibika au imeondolewa. Fundi aweza kuiwasha kompyuta kwa mfumo mwingine uliowekwa katika kidude cha USB. Sauti ikitoka hapo, vyuma vyote ni vizima, na ugonjwa umo katika programu.

Sauti inayokatikakatika hupimwa kwa mkono. Plagi hushikwa isitikisike, na waya hupindwa polepole karibu na plagi, kisha karibu na masikio. Sauti ikikatika na kurudi, waya umevunjika ndani ya ngozi yake. Lakini kama waya umetulia, na sauti hubadilika plagi inaposukumwa kidogo upande, tundu ni chafu au limelegea.

Mwenye mita ya kupimia umeme aweza kupata hakika zaidi. Hedifoni ikiwa imechomolewa, hupima ukinzani kati ya ncha na shina la plagi yenye sehemu tatu, kisha kati ya sehemu ya kati na shina. Hedifoni nyingi ndogo huwa na ohmu 16 mpaka 32, na pande mbili hulingana au hukaribiana. Mita isipoonyesha njia yoyote ya umeme, waya umekatika. Ikionyesha karibu na sifuri, nyaya zimegusana.

SAUTI ISIYO NA MWIMBAJI

Iko kasoro moja ya ajabu. Mtu huchomeka hedifoni akasikia ngoma na zeze, lakini mwimbaji yuko mbali kana kwamba yumo kisimani. Wengi hudhani wimbo umeharibika, kumbe njia ya kurudi imekatika. Katika nyimbo nyingi sauti ya mwimbaji huwekwa sawasawa kushoto na kuume. Njia ya kurudi ikikosekana, umeme wa masikio mawili hukutana uso kwa uso. Ni kama watu wawili wenye nguvu sawa wasukumao mlango mmoja, huyu kwa ndani na yule kwa nje. Mlango hauendi popote. Basi kilicho sawa pande zote mbili hufutika, na vile vilivyotofautiana ndivyo vibakivyo.

Sababu yake yaweza kuwa plagi isiyoingia mpaka mwisho, au waya wa kurudi uliokatika. Tena yaweza kuwa plagi ya namna nyingine, kwa kuwa plagi zenye sehemu nne zilitengenezwa kwa mipango miwili. Katika mpango mmoja shina ni la maikrofoni, na sehemu iliyo juu yake ni njia ya kurudi. Katika mpango wa pili mambo hayo mawili hubadilishana mahali. Dalili yake ni hii: kitufe cha maikrofoni kilicho katika waya kikibonyezwa na kushikiliwa, mwimbaji hurudi. Hapo hapana kilichovunjika. Hutakiwa hedifoni ya mpango upasao, au kiunganishi cha kubadili njia.

MFANO WA KAZI HIYO

Mwanafunzi mmoja asiyeona alikuwa akijitayarisha kwa mtihani. Wiki mbili kabla ya siku yenyewe hedifoni yake ilinyamaza. Kila alipoichomeka, kompyuta iliendelea kusema kwa spika, na darasa lote likasikia. Aliambiwa wazi ya kuwa kompyuta ile haitaruhusiwa katika chumba cha mtihani. Ikapelekwa kwa fundi wa mjini. Yeye aliisikiliza kidogo, akasema kwamba bodi nzima imekufa na yapasa kununuliwa nyingine. Bei aliyoitaja ilizidi karo ya muhula.

Mwalimu wa shule aliirudisha akaifuata njia ya sauti. Hedifoni ilisema vema katika simu yake. Hedifoni ya pili ilinyamaza katika kompyuta kama ile ya kwanza. Basi kasoro ilikuwa ya kompyuta. Lakini spika zilisema kwa ufasaha. Kwa hiyo chipu na programu havikuwa maiti, na bodi nzima haikuwa imekufa. Tena spika hazikunyamaza plagi ilipoingia, maana yake swichi haikusukumwa. Mwalimu akaitazama plagi kwa ubavu, akaona upande wa shina lake ukanda wa chuma uking'aa nje ya tundu. Katika simu ukanda ule haukuonekana. Plagi haikufika mwisho.

Akaizima kompyuta, akamulika tundu kwa tochi. Chini kabisa palikuwa na kitu cha rangi ya kijivu. Mwanafunzi alikuwa akiibeba kompyuta katika mfuko wa kitambaa. Nyuzi na vumbi viliingia kidogo kidogo, na kila siku plagi yenyewe ilivishindilia. Mwalimu akatumia kijiti chembamba cha mti, akatoa donge lisilozidi punje ya mtama. Plagi ilipochomekwa tena ilisikika ikiingia mahali pake. Spika zikanyamaza, na mwanafunzi akainua mkono kuonyesha ya kuwa anasikia. Mtihani akaufanya kwa kompyuta yake mwenyewe.

KUSAFISHA NA KUTENGENEZA

Kazi ya kusafisha tundu ina taratibu zake. Kompyuta huzimwa kabisa, na waya wa chaji huchomolewa. Kisha huelekezwa tundu chini, ili uchafu udondoke nje. Kijiti kiwe cha mti au plastiki, kisiwe kinene. Pini na sindano hazifai, kwa maana zaweza kupinda ndimi za tundu au kuunganisha njia zisizopasa kukutana. Kupuliza kwa kinywa pia hakufai, kwa sababu pumzi huchukua unyevu na mate. Pampu ndogo ya mkono ni bora. Kama mna kutu au unata, pamba kidogo huzungushwa kijitini, ikaloweshwa kwa spiriti kali isiyo na maji mengi, ikakamuliwa, ikapitishwa taratibu. Pamba ikazwe vema isibaki ndani. Kompyuta isiwashwe mpaka spiriti imekauka kabisa. Maji na mafuta ya kupikia visitumike kamwe.

Tundu likiwa safi, na sauti ingali ikikatika plagi inaposukumwa, huenda lehemu iliyolishika tundu katika bodi imepasuka. Sababu yake si ngumu kuifahamu. Plagi ikiwa ndani ni kama wenzo. Mtu akijikwaa katika waya, au kompyuta ikianguka upande huo, nguvu yote huishia katika vitone vile vidogo vya lehemu. Ufa mwembamba kuliko unywele watosha kuuzuia umeme.

Kazi hiyo ni ya fundi aliyezoea, wala si ya mtoto. Lazima kompyuta ifunguliwe, na betri itenganishwe kwanza. Betri za siku hizi zina madini ya lithiamu. Zikitobolewa au kupindwa zaweza kuwaka moto, na iliyovimba isitumiwe wala kuchajiwa. Lehemu ya bati na risasi, kwa kipimo cha 63 kwa 37, huyeyuka kwa nyuzi 183 za sentigredi. Lehemu isiyo na risasi, ambayo imo katika kompyuta nyingi za sasa, hutaka nyuzi 217 au zaidi. Moto mdogo hauishiki vema, na moto mwingi hung'oa njia za bodi. Katika baadhi ya kompyuta tundu limewekwa katika kibodi kidogo cha pembeni, na hicho hubadilishwa peke yake kwa bei nafuu. Kadhalika ncha ya plagi ikivunjika ikabaki ndani ya tundu, isisukumwe, aachiwe fundi.

Ikiwa fundi yuko mbali, iko njia nyingine. Kuna kidude kidogo cha sauti kinachochomekwa katika tundu la USB, nacho kina chipu yake na tundu lake la hedifoni. Hakiponyi ugonjwa, bali huzunguka mahali penye ugonjwa, na mara nyingi bei yake haizidi ile ya hedifoni nzuri. Mwanafunzi anayengojewa na mtihani aweza kukitumia siku ileile.

Kuzuia ni rahisi kuliko kutengeneza. Plagi ivutwe kwa kushikwa kichwa chake, si kwa kuvutwa waya. Kompyuta isiwekwe mkobani hali plagi imo. Mfuko wake ukung'utwe vumbi. Na kabla ya kuvaa hedifoni baada ya matengenezo, sauti iteremshwe kwanza. Maana njia iliyokuwa imeziba ikifunguka ghafula yaweza kuyaumiza masikio, na sikio halina duka la vipuri. Wahenga walisema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Wenye kompyuta waweza kuongeza ya kuwa yafaa kuutafuta ufa kwanza, kabla ya kuubomoa ukuta mzima.

MASWALI

1. Kwa nini tundu la hedifoni ni jambo kubwa kwa mwanafunzi asiyeona?
2. Taja sehemu tatu za plagi yenye pete mbili, na kazi ya kila moja.
3. Hedifoni imenyamaza. Ni majaribio gani mawili yaonyeshayo kama kasoro ni ya hedifoni au ya kompyuta?
4. Spika za kompyuta zimenyamaza ijapokuwa tundu la hedifoni ni tupu. Eleza jinsi swichi iwezavyo kuleta kasoro hiyo.
5. Mwalimu alijuaje, kabla ya kumulika tundu, ya kuwa bodi nzima haikuwa imekufa?
6. Kwa nini pini haifai kusafishia tundu?